Robo Saa ya Kariakoo

Simama pale Msimbazi saa sita kamili mchana, siku yoyote, utazame jua. Bado halijafika kileleni. Kwa wastani litafika baada ya dakika 22 na sekunde 52. Saa yako haijaharibika, wenyewe waliikata hivyo.

Dar iko digrii 39 na kitu mashariki ya Greenwich, na jua hutumia dakika 4 kwa kila digrii. Kwa haki tunaitangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8. Sasa nani atapanga treni kwa hesabu kama hiyo? Nairobi, ambayo haki yake ni saa 2, dakika 27 na sekunde 16, wakoloni waliipa mbili na nusu, wakajaribu mbili na dakika 45, mwisho ikawa tatu kamili. Nasi leo tumo humo humo kwenye tatu, na Kigoma pia, ambako jua huchelewa zaidi ya saa nzima!

Halafu ikaja kompyuta. Mfumo wa Unix huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku, watu wamelala fofofo. Yaliyotangulia usiku ule ni mtoto wa kambo. Ile orodha ya saa za dunia aliyoianzisha Arthur David Olson, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, ina jina la Dar es Salaam, ila ukilifungua unakuta saa za Nairobi. Sababu yao: tangu 1970 miji hii miwili ina saa moja. Maelezo ya zamani ya Dar, yanayosema tulikuwa kwenye mbili na dakika 45 kuanzia 1948 hadi 1961, yamesukumwa stoo. Nazo programu za Python, kabla ya toleo la 3.7 la mwaka 2018, hazikukubali hata zile sekunde 8. Dakika kamili au basi.

Utasema, robo saa kitu gani bwana? Kwa muuza mitumba, si kitu. Lakini wewe unayeota kuandika riwaya, mpeleke shujaa wako Dar ya 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. Mpe simu ya maandishi iliyotoka London asubuhi hiyo. Kompyuta na ile orodha ya stoo zitapishana robo saa juu ya lini ilitumwa.

Mashine imekata ili hesabu iwe nyepesi. Mwandishi hana ruhusa hiyo. Kabla hujakata, kaulize wazee.