Tarehe 10 Juni: Sikukuu ya Ureno na Majina Yake

Ureno ina sikukuu kadhaa za kisiasa. Tarehe 25 Aprili ni ya mapinduzi ya 1974, na 1 Disemba ni ya kujitoa chini ya wafalme wa Uhispania mwaka 1640. Hata hivyo, siku yenyewe ya taifa ni 10 Juni, siku ambayo mshairi Luís de Camões anaaminika kufariki mwaka 1580. Insha hii inadai kwamba kila utawala ulioishika siku hiyo ulimtumia mshairi kusema jambo lake wenyewe, na kwamba jambo hilo liligusa pia upande wetu wa dunia.

Camões alitunga Os Lusíadas, utenzi uliochapishwa 1572 kuhusu safari ya Vasco da Gama kwenda India. Humo Mombasa ni mji wa hila na Malindi ni mji wa marafiki. Lililonishangaza zaidi ni kwamba historia ya Ureno, sehemu tatu kati ya kumi za utenzi huo, inasimuliwa na da Gama akiwa Malindi, mbele ya mfalme wa mji. Yaani Wareno wanapomwadhimisha mshairi wao wa taifa, wanaadhimisha hadithi ambayo msikilizaji wake wa kwanza ni mtu wa pwani ya Waswahili. Mfalme huyo kazi yake kubwa ni kuuliza na kusikiliza.

Mwaka 1880, miaka 300 baada ya kifo chake, waliotaka jamhuri walimgeuza Camões kuwa silaha dhidi ya ufalme. Salazar alikwenda mbali zaidi. Alipofungua Uwanja wa Taifa huko Jamor, karibu na Lisbon, tarehe 10 Juni 1944, siku hiyo aliihusisha na Mbari, yaani damu na asili ya Wareno, na jina la Siku ya Mbari likadumu. Kuanzia 1963 ikawa pia siku ya majeshi. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Angola mwaka 1961, vikafuata Guinea-Bissau 1963 na Msumbiji 1964, ambako wapiganaji wa FRELIMO waliingia kutokea Tanzania. Katika uwanja wa Terreiro do Paço, wazazi na wajane walipokea nishani za askari waliokufa katika vita hivyo.

Wakati huohuo maelfu ya vijana wa Kireno walikuwa wakivuka mipaka kwa siri kwenda Ufaransa, wengine wakikimbia umaskini, wengine wakikwepa kupelekwa vitani Afrika. Serikali haikuwapa nishani. Lakini mwaka 1978, baada ya udikteta kuanguka, neno Mbari lilikuwa limeondolewa na siku ikaitwa Siku ya Ureno, ya Camões na ya Jamii za Wareno, yaani waishio ng'ambo. Kwa maoni yangu badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana: aliyetoroka jeshi alipewa nafasi katika sikukuu iliyokuwa ya jeshi. Leo kuna maandamano ya sherehe hadi Newark, Marekani, yenye ngoma za vijijini na samaki wa kuchoma. Mwaka 2016 Rais Marcelo Rebelo de Sousa aliipeleka sherehe rasmi Paris kwenyewe.

Msumbiji nayo ina sikukuu yake mwezi huohuo: 25 Juni, siku FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na siku ya uhuru mwaka 1975. Jina la 1978 liliwakumbuka Wareno waliohama, lakini watu waliotawaliwa hawakutajwa. Hilo limeanza kusemwa kwa sauti. Mwaka 2025 sherehe zilifanyika Lagos, mji wa bandari ambako mateka wengi kutoka Afrika walishushwa na kugawanywa mwaka 1444. Mwandishi Lídia Jorge, akihutubia mbele ya viongozi wa nchi, alizungumzia utumwa huo na kusema hakuna mwenye damu safi.