Korogwe na Handeni si mahali pa kuchimba dawa tu

Najua nimepotea humu. Mitihani ilinibana, halafu bumu likachelewa, si mnajua mambo ya chuo. Sasa nimepumua kidogo.

Leo nataka kumjibu jamaa mmoja wa chumba cha jirani hapa hosteli. Juzi tulikuwa tunapanga pa kwenda likizo. Mmoja akasema Bagamoyo, mwingine Kilwa, mwingine Olduvai. Mimi nikasema njooni kwetu Korogwe, nitawatembeza mpaka Handeni. Jamaa akacheka mpaka chai ikamwagika. "Korogwe kuna nini bwana? Pale si basi linasimama watu wanachimba dawa, wananunua machungwa, safari inaendelea?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini usiku usingizi ulinipaa, maana nasomea ualimu wa historia na sikuwa na jibu la haraka. Jibu ndilo hili, ni refu kidogo, nivumilieni.

Kwanza jueni bonde lenyewe lilivyo. Upande mmoja kuna Milima ya Usambara, imesimama kama ukuta. Chini yake unapita Mto Pangani, ambao wengi kwetu huuita Ruvu. Ukivuka mto kuelekea kusini unaingia Uzigua, ndiyo Handeni, nchi ya vilima na pori kavu. Mtu akitoka pwani kwenda Kilimanjaro, njia nyepesi ni kupita katikati, kati ya ukuta na mto. Historia yote ya kwetu imo humo: nani anapita, na nani ameishika njia.

Kituo cha kwanza nitawapeleka Vuga. Unashuka Mombo, unapanda gari la Lushoto, unapita maporomoko ya Soni (hapo piga picha), halafu unachepuka kwenda Vuga. Msitegemee kukuta magofu kama ya Kilwa. Utakuta vijiji, migomba, na baridi. Lakini hapo ndipo palikuwa makao makuu ya wafalme wa Usambara, Wakilindi. Masimulizi yanasema wa kwanza wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu. Alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota, ndugu zake wakamwona ni nuksi wakamkimbiza. Akaja kupanda Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, nyama akawagawia, watu wakampenda wakampa nchi. Yote hayo yamo kwenye kitabu Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kimeandikwa kwa Kiswahili safi, kitafuteni maktaba.

Sasa oneni: Nguu na Kilindi zilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni mpaka mwaka 2002 Kilindi ilipofanywa wilaya yake. Kumbe mfalme wa mlimani katokea upande wa pili wa mto! Wasambaa wakitutania sisi wa Handeni kuhusu njaa, tunawakumbusha hilo.

Ufalme ulifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke nao walipanda huko Februari 1857, kabla hata hawajaanza ile safari yao ya Tanganyika ambayo sisi wote tumeikariri. Kimweri akafariki 1862, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kituo cha pili ni Mazinde, chini kabisa, kando ya barabara kuu. Mabasi yanapita pale mbio na abiria wamelala. Amkeni! Hapo aliishi Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri. Kiti alipewa mjukuu wa mzee, Shekulwavu, kule Vuga. Semboja hakukubali. Ila yeye aliona kitu ambacho wenzake mlimani hawakukiona: mali sasa haitoki mlimani, inapita chini, kwenye misafara ya pembe za ndovu na watumwa inayotoka na kwenda Pangani. Anayekaa njiani anapata bunduki. Akajenga Mazinde, akapata bunduki, akamfukuza mpwa wake Vuga. Na alipoishika Vuga, hakuhamia. Alimweka mwanawe mlimani, yeye akabaki njiani. Nikifundisha somo la biashara ya misafara, sitaanza na ramani ya ubaoni, nitaanza na huyu mzee. Lakini sitamfanya shujaa. Vita vile vililishwa na watu waliouzwa, na watu hao walikuwa Wasambaa, Wabondei na Wazigua, babu na bibi zetu.

Kituo cha tatu ni stesheni ya Korogwe. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Angalieni imepita wapi: njia ileile ya misafara. Mwaka 1963 ikaunganishwa na reli ya kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kupita, mpaka Desemba 2019 iliporudi ya Dar kwenda Moshi. Bibi yangu alisema siku ile honi ilipolia, wazee walitoka nje kama wanapokea mgeni.

Pamoja na reli ukaja mkonge. Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu. Kutokana na hiyo 62, nchi yetu ikafika kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka miaka ya mwanzo ya sitini, kabla nailoni haijaua soko. Nendeni Ngombezi mkaone mashamba. Kazi ile ilivuta watu toka kila kona, Kigoma, Songea, Msumbiji, wakiitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Babu yangu mzaa baba alikuja hivyohivyo, kutoka Kigoma, akaoa Mzigua. Nyumbani wakazungumza Kiswahili maana ndiyo lugha waliyokutania. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kisha vukeni daraja mwende Handeni. Katika vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walitandika kireli chembamba cha kusukuma kutoka Mombo mpaka Handeni, na Juni 1916 majeshi ya Waingereza yakateremka bonde hili yakaziteka Korogwe na Handeni. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, wengi wamekufa bila hata kaburi linalojulikana.

Sasa nafika mahali penyewe nilipotaka kuwapeleka tangu mwanzo. Panaitwa Chogo, wilaya ya Handeni. Hapana jengo la kale hata moja.

Miaka ya 1830 njaa kali ilipiga Uzigua. Watu walijiweka rehani na kuuzwa ili wale. Wengi walipakiwa majahazini wakapelekwa pwani ya Somalia, kulima mashamba ya watu. Masimulizi yao yanasema mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliwaongoza kutoroka wakitafuta njia ya kurudi kwao. Hawakufika. Waliishia bonde la mto Juba, wakafyeka msitu, wakakaa vizazi na vizazi, na Kizigua chao hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991 wakakimbia tena. Wengine walienda Kenya, na baadaye maelfu wakachukuliwa Marekani. Wengine walikuja Tanga, wakawekwa Handeni, kwanza Mkuyu kisha Chogo. Mwaka 2009 wengi wao wakawa wanapata uraia wa Tanzania.

Likizo iliyopita mjomba alinipeleka Chogo kwa pikipiki. Mzee mmoja akanisalimu kwa Kizigua. Nikajibu kwa Kiswahili. Akarudia taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto mdogo. Nikabaki natabasamu tu kama mzungu. Akamuuliza mjomba, huyu ni wa wapi? Mjomba akasema, ni wa hapahapa. Aisee, nilitamani ardhi ipasuke.

Yaani yeye kazaliwa Somalia, watu wake wameuzwa, wametoroka, wamepigwa vita, na lugha wamerudi nayo. Mimi nimezaliwa saa moja na nusu kutoka pale, sijauzwa na mtu, na sina hata salamu. Silaumu babu na bibi, maisha ya mkonge ndivyo yalivyokuwa, na Kiswahili ni changu nakipenda. Ila niliumia.

Niliporudi nikamsimulia bibi, kwamba nimewaona wale wageni wa Chogo. Akanikatisha. "Mjukuu wangu, wale si wageni. Wale wamechelewa kurudi."

Basi ndugu yangu wa chumba cha jirani, ukiuliza Korogwe na Handeni kuna nini, jibu ni hilo. Kuna bonde ambalo watu wamepita, wameuzwa, wamehesabiwa namba, na wengine wamerudi baada ya miaka zaidi ya mia na hamsini. Vitu vya kuona ni vichache, nakubali. Wa kuwasikiliza ndio wengi, na wazee hawatungoji.

Mazoezi ya kufundisha yakianza nitaomba nipangiwe mkoa wa Tanga. Swali la kwanza nitakalowapa wanafunzi ni wakaulize nyumbani: babu na bibi yako walifikaje hapa? Na mimi nimeanza la kwangu. Kila Jumapili nampigia bibi simu, ananifundisha Kizigua. Mpaka sasa ananicheka sana.

Likizo natangulia Korogwe. Mnaokuja njooni, ugali na makazi vipo kwa bibi. Nauli kila mtu ajitegemee, bumu lenyewe mnalijua.