Gazeti Lililotaja Majina ya Majasusi

Kazi ya jasusi, ewe msomaji, yategemea jambo moja: asijulikane. Hukaa katika mji wa kigeni akiitwa katibu wa ubalozi, huhudhuria karamu, huamkiana na majirani, kisha usiku hukutana kwa siri na mtu anayemletea habari. Sasa fikiri kwamba anatokea mtu akalichapa jina lake, na kazi yake ya kweli, na mji anaokaa, katika gazeti linalouzwa kwa fedha kidogo. Jambo hilo lilitendeka Marekani katika miaka ya 1970.

Mwaka wa 1973 gazeti dogo liitwalo CounterSpy lilianza kutolewa mjini Washington. Walioliandika walikuwa watu waliovipinga vita vya Vietnam, na baadhi yao walikuwa wamepata kufanya kazi ya upelelezi jeshini, hata wakaichukia. Adui wao alikuwa CIA, shirika la ujasusi lililoundwa mwaka wa 1947. Usidhani kwamba chuki yao haikuwa na sababu. Shirika hilo lilikuwa limesaidia kuipindua serikali ya Iran mwaka wa 1953 na ya Guatemala mwaka wa 1954. Mwezi Novemba 1975 kamati ya Baraza la Senate, chini ya Frank Church, ilitangaza habari zinazotugusa sisi Waafrika: kwamba mwaka wa 1960 sumu ilipelekwa Kongo kwa shabaha ya kumwua Patrice Lumumba. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba aliuawa na wengine, Januari 1961.

Labda wajiuliza, waandishi hao waliyapataje majina? Je, waliiba karatasi, au walivunja makabati? La, hasha. Majina mengi yalikuwamo katika vitabu vya serikali yenyewe! Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa ikichapisha kitabu chenye majina ya watumishi wake, na mahali walipofanya kazi, na vyeo vyao. Na kitabu hicho kiliweza kupatikana bila siri yoyote. Mwaka wa 1974 John Marks, aliyekuwa mtumishi wa wizara hiyo zamani, alieleza katika makala jinsi ya kukisoma. Mabalozi na makatibu wa kweli waliandikwa katika daraja moja. Majasusi, kwa kawaida, waliandikwa katika daraja jingine, lile la akiba. Tena, maisha ya mwanadiplomasia wa kweli yalielezwa mwaka baada ya mwaka, bali ya jasusi yalikuwa na mapengo, au yalijazwa maneno mafupi kwamba alikuwa mchunguzi wa mambo katika idara fulani ya jeshi. Mtu mwenye subira, akiwa na kitabu na kalamu, aliweza kukaa mezani akawatenga hawa na hawa. Nakiri kwamba sehemu hii ya kisa hunichekesha kila niikumbukapo: shirika lililotumia fedha nyingi mno kuficha siri zake lilifichuliwa na orodha ya wafanyakazi.

Walakini yaliyofuata hayachekeshi. Miongoni mwa waliotajwa na CounterSpy alikuwa Richard Welch, aliyekuwa mkuu wa CIA huko Lima, Peru. Mwaka wa 1975 alihamishiwa Athens, mji mkuu wa Ugiriki. Wagiriki walikuwa wametoka karibuni katika utawala wa kijeshi wa miaka saba, na wengi wao waliamini kwamba Marekani iliuunga mkono. Novemba mwaka huo gazeti moja la Athens lilichapa majina ya majasusi wa Kimarekani waliokuwa mjini humo pamoja na anwani zao, na la Welch likiwamo. Usiku wa tarehe 23 Desemba alirudi nyumbani na mkewe kutoka karamu ya Krismasi kwa balozi. Watu wenye silaha walikuwa wakimngoja, nao wakampiga risasi mbele ya mkewe na dereva. Alikuwa na umri wa miaka 46. Kundi la siri liitwalo Novemba 17 lilisema ndilo lililomwua.

Huko Washington kilio kikawa kikubwa. Rais Ford alitoa idhini ya pekee Welch azikwe Arlington, katika makaburi ya mashujaa, na wakubwa wa serikali wakawanyoshea kidole waandishi wa CounterSpy. Nao wakajibu kwamba jina la Welch lilikwisha kuchapwa katika kitabu tangu mwaka wa 1968, na kwamba nyumba aliyokaa ilijulikana mjini kuwa ni ya wakuu wa CIA. Tena shirika lenyewe lilikuwa limemtahadharisha asiishi humo. Hayo ni kweli. Lakini mimi sidhani kwamba kweli hiyo yawaondolea mzigo wote. Kufichua tendo la sumu ni kitu kimoja. Kufichua jina la mtu mwenye mke na watoto ni kitu kingine, na gazeti lile halikupenda kuvipambanua.

Mwaka wa 1978 baadhi ya watu wa njia hiyohiyo, na pamoja nao Philip Agee aliyekuwa jasusi wa CIA zamani, walianzisha gazeti jingine, CovertAction Information Bulletin, lenye ukurasa maalum wa majina. Julai 1980 mmoja wa wahariri wake aliyataja majina kadhaa mbele ya waandishi wa habari huko Jamaica, na baada ya siku chache nyumba ya mmoja wa waliotajwa ikapigwa risasi. Hakuna aliyekufa. Mwezi Juni 1982 Rais Reagan alitia sahihi sheria mpya: hata mtu asiyekuwa mtumishi wa serikali, akifanya desturi ya kuwafichua majasusi, aliweza kufungwa miaka mitatu. Gazeti likaufunga ukurasa wake wa majina, likaendelea kuandika juu ya matendo.

Kundi la Novemba 17 lilikamatwa mwaka wa 2002, baada ya miaka 27 ya mauaji. Kesi ilipoanza Athens mwaka wa 2003 kifo cha Welch hakikuwamo katika mashtaka, kwa kuwa sheria ya Ugiriki iliweka mwisho wa miaka 20, na miaka hiyo ilikuwa imekwisha kupita.