Chuo Kilichokusanywa: Robo Karne ya SUZA

Anayepanda gari ya 502 mjini kwenda Bububu huzipita skuli mbili za Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kabla hajafika. Ya kwanza iko Maruhubi, kunakofundishwa utalii. Ya pili, baada ya Mtoni, ni Beit-el-Ras, iliyo kampasi ya Nkrumah. Nyingine ziko Vuga, Mbweni, Chwaka, Kizimbani na Tunguu, na ng'ambo ya pili, Pemba, iko Mchangamdogo. Mgeni akiuliza SUZA iko wapi, mwenyeji hana budi kumuuliza kwanza: unasoma nini?

Kusambaa huku ndiko kunakoeleza namna chuo kinavyoongozwa. Vyuo vikuu vingi huanza na kiwanja kitupu, yakajengwa majengo, wakatafutwa walimu, na wanafunzi wakaja mwisho. SUZA ilikuta vyuo vyenye walimu, wanafunzi na majengo tayari, kila kimoja na desturi zake, na kazi ya viongozi wake ikawa kuvifanya viwe chuo kimoja.

Sheria ya kukianzisha, Nambari 8 ya 1999, ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi katika mwaka wa mwisho kamili wa urais wa Dk. Salmin Amour. Kazi ilianza 2001, Amani Abeid Karume akiwa ameshaingia Ikulu, kwa hiyo mwaka 2026 ni wa kutimiza miaka ishirini na tano. Serikali haikuwa ya kwanza kufika uwanjani. Chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sumait, na Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu, vyote vya binafsi, vilianza 1998. Kabla ya hapo Mzanzibari aliyetaka shahada alivuka bahari: Makerere, Mlimani ya Dar es Salaam, Cairo, Uingereza, na baada ya Mapinduzi hata Moscow na Berlin Mashariki. Unguja kwenyewe kulikuwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maamuzi yake makubwa yalifanywa Mlimani.

Mbegu ilipandwa Vuga. Hapo ndipo ilipo TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoundwa kisheria 1979, ambayo jina lake lilikuwa limeshafika Ulaya na Marekani kupitia wageni waliokuja kujifunza Kiswahili. Chuo kipya kikaanza na nyumba iliyo na heshima yake, jambo lisilokuwa dogo kwa taasisi changa. Makamu Mkuu wa kwanza, Profesa Ali Seif Mshimba, alikuwa mwanahisabati aliyefundisha muda mrefu Dar es Salaam, na alikabidhiwa chuo ambacho sehemu kubwa ilikuwa bado karatasini.

Beit-el-Ras ina historia ndefu zaidi. Seyyid Said alianza kujenga kasri hapo, akafa 1856 halijakwisha, na mahali hapo pakaja kuwa pa skuli na kufundishia walimu. Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, kilichopewa jina la Kwame Nkrumah wa Ghana, kilitoa walimu wa skuli za Unguja na Pemba kwa miaka mingi kabla hakijawa sehemu ya chuo kikuu. Watu wazima wengi mjini bado wanasema fulani "kasoma Nkrumah", bila kutaja SUZA.

Kwenye karatasi, mpango wa uongozi ni ule unaojulikana Afrika Mashariki nzima. Juu kabisa ni Mkuu wa Chuo, anayetunuku shahada. Baraza la Chuo linashika fedha, ajira na mali. Seneti inashika taaluma: nani adahiliwe, kozi ipi ifundishwe, matokeo yapi yapite. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji, na chini yake wako manaibu, kisha wakuu wa skuli. Makamu Mkuu ana miguu pande zote mbili: Baraza linamuuliza hesabu na Seneti inamuuliza elimu, na mara nyingi jibu linalolifurahisha moja linalikera la pili.

Zanzibar imetofautiana na majirani katika kiti cha juu. Mlimani, Julius Nyerere na baada yake Ali Hassan Mwinyi walikuwa Wakuu wa Chuo huku wakiwa marais, lakini tangu Paul Bomani aliposhika nafasi hiyo 1993, Mkuu wa Chuo hakuwa tena rais aliye madarakani. Kenya, Mwai Kibaki aliiacha kofia hiyo 2003, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikampata Joe Wanjui, mtu wa biashara. SUZA imebaki na Rais wa Zanzibar: Karume, kisha Dk. Ali Mohamed Shein, na sasa Dk. Hussein Ali Mwinyi, mtoto wa yule aliyekuwa Mkuu wa Mlimani. Wawili wa mwisho walitoka katika sayansi za tiba kabla ya siasa, Shein akiwa na shahada ya uzamivu ya biokemia kutoka Newcastle, Mwinyi akiwa daktari.

Faida ya mpango huu haihitaji kutafutwa: Mkuu wa Chuo akiona bweni limepungua, hana wa kumwandikia barua ila Serikali yake mwenyewe. Gharama yake husemwa kwa sauti ndogo zaidi. Mwanachuo anapotaka kuikosoa Serikali, anajua kwamba jina litakalotajwa siku ya kutunukiwa shahada yake ni la mkuu wa Serikali hiyohiyo. Siku ya mahafali Tunguu hayo hayaonekani. Maandamano ya majoho yanaingia, wajumbe wa Seneti wanakaa kwa vyeo, majina yanasomwa, na vigelegele vinapanda kutoka upande wa akina mama ambao hawakungoja ruhusa ya itifaki.

Juu ya hayo kuna Muungano. Elimu ya msingi na sekondari ni mambo ya Zanzibar, lakini elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo chuo kilichoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi, na kinachopata ruzuku ya Serikali ya Mapinduzi, kinathibitishiwa programu zake na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza 2005. Mwanafunzi naye ana milango miwili ya mkopo, bodi ya Muungano na ile ya Zanzibar iliyoundwa 2011.

Mtihani mkubwa wa uongozi ulikuja 2016, sheria iliporekebishwa na vyuo vya Serikali vikaingizwa SUZA kwa mkupuo: cha fedha Chwaka, cha afya Mbweni, cha utalii Maruhubi, cha kilimo Kizimbani, cha habari Kilimani. Wakati huo Makamu Mkuu alikuwa Profesa Idris Ahmada Rai, mtaalamu wa kompyuta. Kila chuo kilikuja na mkuu wake na wahitimu wake wanaojivunia jina la zamani. Walimu waliozoea kuitwa wakufunzi, kazi yao ikiwa kumfundisha kijana kupima presha au kupandikiza mche, walijikuta katika taasisi ambayo mtu hupanda cheo kwa machapisho ya utafiti. Hapo Seneti ilipata wajibu usio na heshima ya magazetini lakini mzito: kuhakikisha cheti cha Kizimbani na shahada ya Tunguu vinapitishwa kwa macho yaleyale, bila kuua ustadi wa mikono ambao wakulima walikuwa wakiuhitaji.

Udaktari ulifika kwa njia nyingine. Mafunzo yalianza kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, madaktari wa Kikyuba wakifundisha hapahapa Unguja, ndipo SUZA ikayapokea kama skuli yake.

Makao makuu yalihamia Tunguu kwa sababu Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia 2000, hauna kiwanja cha chuo kinachokua. Baada ya Rai uongozi ulipita kwa Dk. Zakia Mohamed Abubakar, kisha Profesa Mohammed Makame Haji. Mwaka 2023 jirani mpya alifungua mlango Bweleo: tawi la IIT Madras la India, ambalo shahada zake zinatolewa na chuo mama kilichoko Chennai. Za SUZA bado zinapitishwa na Seneti inayokutana Unguja, na wajumbe wake wengine ni wale waliowahi kukaa madarasani Nkrumah.