Kuku wa Uani Wakati wa Vita

Leo tutazungumza habari ya kuku na vita.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilikuwa ikipata chakula kingi kutoka ng'ambo, pamoja na chakula cha kuku. Meli nyingi zilizamishwa na Wajerumani. Mayai yakaadimika. Tangu Juni 1941 yaligawiwa kwa kipimo: kwa kawaida yai 1 kwa mtu mzima kila wiki, na mara nyingine hata hilo halikupatikana.

Serikali ikawashauri watu wafuge kuku uani. Lakini kulikuwa na sharti. Mtu aliyetaka unga wa kulishia kuku ilimbidi aache mgawo wake wa mayai. Fikirini! Kuku wakifa, au wakiliwa na mbweha, huna yai hata moja.

Hata hivyo wengi walikubali. Walijenga vibanda kwa mbao kuukuu. Walichemsha maganda ya viazi na makombo, wakachanganya na ule unga. Mgawo wa mayai ulikoma mwaka 1953.

Je, ninyi mngekubali sharti lile? Zungumzeni darasani.