Sehemu ya 3: Tivoli ilipofungua geti wakati wa baridi

Mama zangu, Desemba hapa Copenhagen jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwanangu akaniuliza, "Mama, jua limetukasirikia?" Nikampeleka Tivoli.

Bustani hii ya michezo ilifunguliwa mwaka 1843. Inasemekana Georg Carstensen alimshawishi Mfalme Christian VIII kwamba watu wakiburudika hawawazi siasa. Lakini ilikuwa ya kiangazi tu. Baridi ikikaribia, geti linafungwa. Miaka 150 hivyo hivyo! Sikukuu yao ya Krismasi ilianza 1994.

Tukala æbleskiver, yaani vitumbua vyao, chini ya taa kila kona. Mtoto akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Novemba.

Giza refu linachosha roho, hata ya mtoto. Mvalishe vizuri, mtoke.