Babu Mzungu, Lakini Karatasi Iko Wapi?

Hapa kwetu Nyakasanza maneno ya viza hayaishi. Kuna na wenye kuuliza: "Babu yangu alikuwa Mbelgiji wa Kilo-Moto, kwa nini mimi nisipate haki juu ya damu yake?" Tusome kwanza historia.

Waganda, ngambo ya ziwa Albert, wana njia moja. Uingereza inapatia raia wa Commonwealth, mwenye babu ao nyanya aliyezaliwa kule, viza ya miaka 5 ya kuishi na kutumika. Congo yetu haiko ndani ya Commonwealth. Kwa Ubelgiji nako, damu peke yake haitoshi: undugu lazima uonekane kwenye karatasi.

Na hapo njo shida iko, sababu utawala wa koloni wenyewe njo ulikata uzi wa karatasi hizo. Watoto wengi wa baba mzungu na mama mweusi, baba zao hawakuwatambua. Utawala uliwanyanganya mama zao, ukawaweka kwa masista, kama vile Katende kule Kasai na Save kule Rwanda. Wengi walibadilishiwa majina, wengine hata tarehe na pahali pa kuzaliwa. Karibu na uhuru, watoto kama 300 wa Save walipelekwa Ubelgiji. Wa Katende, wengi waliachwa katikati ya vita.

Mwaka 2018 bunge la Ubelgiji liliomba watoto hao wafunguliwe arshive, wapate kujua wazazi wao. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba musamaha. Lakini mama watano wa Katende walitaka haki. Mwaka 2021 tribinali iliwakatalia. Wakaendelea, na tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Bruxelles ikasema: kuwanyanganya ilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa euro 50.000.

Basi, mwenye kukosa hati si kila mara mzembe. Wengine walinyimwa.

Lakini sisi wa leo? Sheria yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto etasivili bila malipo. Zikipita, inakuwa safari ya tribinali. Na kwenye kambi za wakimbizi wa vita hapa Bunia, watoto wanazaliwa kila siku. Mwenye kusoma amusindikize jirani komini. Na kama nyanya yako angali hai, muulize leo majina, kijiji na misioni alipobatizwa, na uandike. Mara nyingi buku la ubatizo njo karatasi ya kwanza ya jamaa.